SIKUKUU YA JIRANI SI YA KUTAZAMA TU



Inchi ya Lebanoni wengi wetu tunaijua kwa njia mbili tu: kwa mierezi ya Biblia, na kwa zile magazini za Walebanoni mjini, zinazouza matela, redio na sabuni. Mwisho wa mwaka mara nyingi patroni anapanda ndege. Watu wanasema anakwenda kupumzika. Hapana, anakwenda sikukuu. Wasafiri wengi wanaojaza Beyrouth mwezi wa 12 si watalii, ni watoto wa inchi wanaotoka Afrika, Ulaya na Amerika, wanarudi kula na wazazi wao. Tunataka kusema juu ya sikukuu hizo, sababu zinagusa neno moja linalotusumbua hapa masomoni.

Serikali ya Lebanoni inatambua jamii za dini 18. Kuna Wamaroni, Waorthodoksi, Waarmenia, Wasuni, Washia, Wadruzi na wengine. Sisi Waprotestanti tuko kule pia, lakini wachache: kati ya wabunge 128 kiti chetu ni kimoja. Basi kalendari yao imejaa kweli kweli. Baridi inapoanza, tarehe 4 mwezi wa 12, ni siku ya Mtakatifu Barbara. Watoto wanajifunika sura, wanapita nyumba kwa nyumba, na ba-mama wanapika ngano nzima na sukari, wanatia lozi, zabibu kavu na punje za komamanga. Siku zilezile wanaweka mbegu za ngano na dengu juu ya pamba yenye maji, ili Noeli ikifika majani mabichi yawe tayari kuwekwa karibu na hori ya mtoto Yesu. Noeli ni tarehe 25 kama kwetu. Lakini Waarmenia, ambao wengi wao wazee wao walikimbilia kule kisha mauaji ya mwaka 1915, wanafanya Noeli yao tarehe 6 mwezi wa kwanza, na inchi nzima inapata konje pamoja nao. Tarehe 9 mwezi wa pili ni Mtakatifu Maroni. Idi za Waislamu zinafuata mwezi wa mbinguni, zinarudi nyuma siku 10 ao 11 kila mwaka, na sasa Ramadani inaingia katika baridi. Mwaka 2026 Ramadani na Kwaresima zimekutana karibu siku moja, katikati ya mwezi wa pili. Mwaka 2030 Ramadani itaanza mara mbili, mwezi wa kwanza na mwezi wa 12!

Wenye kupenda korali wasikie hii. Tangu mwaka 2008, mwezi wa 12, kuna konseri zinazoitwa Beirut Chants, ndani ya makanisa ya katikati ya mji, na mtu haombwi hata senti moja mlangoni. Nyingine zimefanywa ndani ya Assembly Hall, nyumba ya ibada iliyojengwa na wamisionere Waprotestanti mwaka 1891 katika chuo chao kikubwa. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1866. Mwaka mmoja mbele yake, katika mji uleule, Van Dyck alimaliza Biblia ya Kiarabu ambayo Eli Smith alikuwa ameianza. Sasa juu ya mabenchi yale Waislamu na Wakristo wanakaa pamoja kusikiliza nyimbo za Noeli. Na mlimani, Beit Mery, tangu mwaka 1994 kuna festivali ya Al Bustan, mwezi wa pili na wa tatu, wakati theluji ingali juu ya milima. Hiyo, tunafikiri, ni ya wenye feza.

Sasa neno letu. Hapa internati, wakati rafiki yetu Mwislamu alipoalika wenzake kula Idi kwao, wengine walikataa. Mmoja akasema: "Muprotestanti anaenda kutafuta nini ku Idi? Ile haiko yetu." Tunamheshimu, lakini hatukubali. Tangu mwaka 2010, tarehe 25 mwezi wa tatu, siku ya malaika Gabrieli kumpasha Mariamu habari, ni sikukuu ya inchi nzima ya Lebanoni, ya Wakristo na Waislamu pamoja. Kurani nayo inaeleza habari ile, katika sura ya 19 inayoitwa kwa jina la Mariamu. Na ile keki ndogo ya tende ao ya njugu wanayoiita maamul, Wakristo wanaipika kwa Paska, Waislamu wanaipika kwa Idi. Ni keki moja! Nani amebadilisha dini kwa sababu ya kuila?

Lakini tusidanganyane. Mwenye kutupinga anaweza kusema: na vita je? Ni kweli. Tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1975, siku mbili tu kisha ngano ya Barbara, watu walisimamishwa katika barabara za Beyrouth, wakaombwa karte. Dini ya kila mtu iliandikwa mule, na wengi wakauawa kwa neno lile moja. Vita viliendelea mpaka mwaka 1990. Basi konje ya serikali haikumlinda mtu. Sisi tunaona kwamba konje ni karatasi tu. Kinachohesabika ni miguu inayokwenda kwa jirani na mkono unaoingia katika sahani yake. Msafiri anayefika kule na aparei ya picha, akapiga mti wa Noeli mbele ya msikiti wa Mohammad al-Amin, kisha akarudi hoteli, ameona nini? Heri akaribishwe katika nyumba moja tu.

Na sisi Wakongomani tunajua serikali yaweza kutoa na kuondoa. Mwaka 1974, wakati wa Zaire, Noeli iliondolewa katika siku za konje. Wazazi wetu walikwenda kazini tarehe 25, wakaimba usiku. Wakimbangu wanafanya Noeli yao tarehe 25 mwezi wa tano. Na tangu mwaka 2023 tarehe 6 mwezi wa ine ni konje ya inchi nzima kwa ukumbusho wa Simon Kimbangu. Siku ile tunalala mpaka saa mbili ya asubui, wala hatujasikia Muprotestanti aliyegeuka Mukimbangu kitandani.

Kwa hiyo tunaomba bwana prefe maneno mawili. La kwanza, siku ya Idi kusiwe interogasio, ili wenzetu Waislamu wasipoteze pointi. La pili, wale watakaoalikwa wapate ruhusa ya kutoka kisha masomo mpaka saa kumi na mbili ya jioni. Kama mwezi hauonekani usiku ule, Idi itasukumwa siku moja, na sisi tutakuja kuomba tena.