Mali bila daftari, na daftari lisilosomeka

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Kenya ya leo, sijui mali inayoithibitisha methali hiyo kama pikipiki ndogo. Tangu serikali ilipozipunguzia kodi pikipiki za aina hiyo mwaka 2008, chombo hiki kimekuwa shamba la asiye na shamba na ofisi ya aliyekosa ofisi. Mzazi huuza ng'ombe ili mwanawe anunue pikipiki kuukuu. Chama cha akina mama humkopesha kijana fedha ili aanze kujitegemea. Lakini ukimwuliza kijana huyo hati ya umiliki ina jina la nani, aghalabu atakutajia jina la aliyemwuzia, au la mtu mwingine aliyemtangulia huyo, ambaye hajapata kumwona.

Wengi watasema kwamba huo ni uzembe, au ni umaskini. Sikatai kuwa yote mawili yamo. Hata hivyo nashikilia kwamba kipo chanzo cha tatu ambacho hakijasemwa vya kutosha, nacho ni lugha. Raia hawezi kulinda haki asiyoweza kuisoma.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ina vifungu viwili ambavyo kila mwenye pikipiki angepaswa kuvijua kama anavyojua jina lake. Kifungu cha 8 chasema kuwa mtu ambaye chombo kimesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, ila ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 nacho chakataza chombo kilichouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 tangu kiuzwe, iwapo mwenye mpya hajasajiliwa. Maana yake ni kwamba siku ya 15 kijana wetu anavunja sheria, hata ikiwa alilipa hadi senti ya mwisho na anayo karatasi ya daftari la shule iliyotiwa sahihi na mashahidi wanne.

Maneno "ila ithibitishwe vinginevyo" nayo yana uzito wake. Katika uamuzi wa mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mtu aliyekwisha kuuza gari anaweza kuthibitisha kuwa si lake tena, ingawa jina lake bado limo katika rejista. Basi logibuku si neno la mwisho. Lakini tazama mzigo wa kuthibitisha umemwangukia nani. Pikipiki ikimgonga mtu, aliyeuza ndiye atakayetafutwa kwanza, naye atalazimika kujieleza mahakamani. Pikipiki ikiibwa na kupatikana, aliyenunua ndiye atakayesimama mbele ya afisa wa polisi akiulizwa kwa nini anadai kitu chenye jina la mwingine. Na muuzaji akifariki kabla ya kuhamisha jina, mnunuzi atakuwa na kesi na warithi asiowajua.

Sasa tuingie katika maneno. Kitenzi "kusajili" kimebebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja. Kuna kusajili chombo kinapoingia katika rejista ya nchi kwa mara ya kwanza. Kuna kuhamisha umiliki kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi. Tena kuna kumwandikisha mwendeshaji. Mwezi Machi mwaka 2022, baada ya mwanamke mmoja dereva kushambuliwa katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wahudumu wa bodaboda wasajiliwe upya. Agizo hilo liliwahusu waendeshaji. Halikumfanya hata mmoja wao kuwa mwenye pikipiki. Lakini katika mazungumzo ya steji neno ni lile lile moja, na anayesema "nimesajiliwa" huweza kudhani kwamba mali yake pia imesajiliwa.

Wenzetu wa Marekani wameyatenganisha mambo haya hata kwa karatasi. Huko kila jimbo lina rejista yake, na kwa kawaida hati huwa mbili: moja husema chombo ni cha nani, nyingine hukiruhusu kiendeshwe barabarani. Anayenunua pikipiki ndogo katika jimbo moja na kuipeleka katika jimbo lingine huanza kwa kuulizwa hati ya kwanza ndipo aipate ya pili. Na kwa kuwa yapo majimbo yasiyotoa hati ya umiliki kwa baadhi ya vyombo vidogo au vya zamani, wakati mwingine hubaki kutegemea hati ya mauziano na cheti cha usajili cha kule kilikotoka. Ni usumbufu, lakini kila jambo lina jina lake. Kwetu sisi logibuku moja hufanya kazi zote mbili, na hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kuieleza kwa lugha inayoeleweka.

Kwetu suala hilo huwa gumu zaidi mpakani. Neno "bodaboda" lenyewe linahusishwa na Busia, ambako wenye baiskeli waliwavusha wasafiri kati ya vituo viwili vya mpaka. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka likatamkwa kwa matamshi yetu, likarudufiwa, likawa letu. Busia ni mji wenye jina moja na nchi mbili. Mtu anaweza kununua pikipiki asubuhi upande wa Uganda, akapewa karatasi za huko, akavuka akiwa na nambari inayoanza kwa herufi U, huku akiamini kwamba kazi iliyobaki ni kubadilisha jina tu. Sivyo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, lakini kila nchi ingali na rejista yake ya magari. Machoni pa sheria ya Kenya, pikipiki hiyo ni bidhaa iliyoingizwa nchini: sharti ipite forodhani, ilipiwe ushuru unaodaiwa na ikaguliwe, ndipo ipewe nambari inayoanza kwa KM. Asipofanya hayo hana umiliki wa kuhamisha, kwa maana katika rejista ya Kenya pikipiki hiyo haipo. Tofauti kati ya "kuhamisha" na "kusajili" si mchezo wa wanaisimu. Humgharimu mtu akiba yake yote.

Katiba ya mwaka 2010 haikutuacha gizani. Ibara ya 7 yasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa mara mbili. Noti anayoitoa kijana mfukoni ili anunue pikipiki imeandikwa "Banki Kuu ya Kenya", na thamani yake imetajwa kwa Kiswahili kando ya Kiingereza. Iweje basi fedha anayolipa izungumze lugha zote mbili, ilhali logibuku anayopewa, pamoja na sheria inayoilinda, zizungumze Kiingereza pekee?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Lugha yenye maneno hati, mkataba, rehani, dhamana, amana, ushuru, forodha na mnada haikuanza biashara jana. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zingali zimehifadhiwa hadi leo. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wengine watasema kwamba atakayeshindwa kusoma ataenda saiba asomewe. Ni kweli ataenda, na atalipa. Palipo na lugha isiyoeleweka hapakosi mkalimani, na mkalimani hali hewa. Naye akijaza kimakosa, hasara ni ya mwenye pikipiki. Sisemi Kiingereza kiondolewe. Nasema Kiswahili kiwekwe kando yake, mstari kwa mstari, kama ilivyo katika noti.

Nanyi walimu wenzangu, tusingoje serikali. Tunafundisha uandishi wa kiuamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu za mikutano. Tuongeze hati ya mauziano ya pikipiki. Mwanafunzi aandike majina kamili ya pande zote mbili na nambari za vitambulisho vyao. Nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini, baada ya kuzisoma kwenye chuma chenyewe na kuzilinganisha na logibuku. Bei kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe na saa ya kukabidhiana. Atakayelipia uhamisho wa jina, na siku ya mwisho ya kuufanya. Kisha sahihi za mashahidi. Wa madarasa ya juu wajaribu kukitafsiri kifungu cha 8 na kubishana juu ya neno "mmiliki" na neno "mwenye". Zoezi hilo litawafunza sarufi na sheria kwa wakati mmoja, na jioni huenda mmoja wao akamsomea kaka yake karatasi ambayo ameibeba chini ya kiti kwa miaka mitatu bila kujua inasema nini.

Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inaweza kuanza na ukurasa mmoja tu: logibuku yenye lugha zote mbili rasmi, na vifungu vya 8 na 9 vikiwa vimefafanuliwa mgongoni mwake. Daftari tunalo tayari. Linalobaki ni kuliandika kwa lugha ambayo mwenye mali anaweza kuisoma.