Kunukuu Kisichosomwa

Miaka michache iliyopita niliombwa kuipitia tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza aliyekuwa akichunguza jinsi wakulima wanavyohifadhi mahindi ghalani. Kazi ilikuwa nadhifu, na mwishoni palikuwa na orodha ya marejeo 46. Katika ukurasa mmoja aliandika kwamba mahindi yakikaushwa hadi kufikia unyevu wa asilimia 18 yanakuwa salama kuwekwa ghalani, na baada ya sentensi hiyo akaweka jina la mtaalamu pamoja na mwaka. Nilishtuka. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni asilimia 13 hivi. Unyevu ukizidi, ukungu hustawi, na ukungu wa aina fulani ndio unaotoa sumukuvu. Wasomaji wetu watakumbuka habari za mwaka 2016, sumu hiyo ilipowaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Nilimwita kijana huyo nikamwuliza kama makala aliyoitaja aliisoma. Akanijibu kwa adabu: "Hapana, Mwalimu. Niliikuta imetajwa katika tasnifu nyingine mtandaoni." Tukaitafuta pamoja. Ni kweli makala ilitaja asilimia 18, lakini ilikuwa ikieleza hali ya mahindi siku yalipovunwa, kabla ya kuanikwa.

Wahadhiri wenzangu wa rika langu, wakisikia kisa kama hiki, hawakawii kuilaumu intaneti. Husema kwamba enzi za kadi za katalogi mwanafunzi alisoma kweli. Mimi siafiki. Kosa hili ni kongwe kuliko mtandao, na walimu wa walimu wetu walilitenda. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, walilichunguza kwa njia ya werevu. Walichukua makala moja mashuhuri iliyokuwa imenukuliwa mara 4,300 hivi, wakatazama makosa yaliyofanyika katika kuandika juzuu, mwaka na ukurasa wake. Walikuta marejeo 196 yenye makosa, lakini makosa yenyewe yalikuwa ya namna 45 tu. Na namba moja ya ukurasa iliyokosewa ilirudiwa mara 78. Haiwezekani watu 78 wakosee vilevile, kila mmoja kwa mkono wake. Mmoja alikosea, waliobaki wakanakili kutoka orodha za wenzao. Kwa hesabu zao, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano wanaonukuu ambaye ameisoma makala yenyewe. Hayo ni makadirio, na mbinu yao yaweza kubishiwa, lakini mwenye kuandika vitabu na ajichunguze kwanza kabla ya kubisha.

Lililoongezwa na mtandao ni kasi. Shirika la uchapishaji la Elsevier liliwahi kuwawekea waandishi mfano wa namna ya kuandika marejeo: makala ya mtu aitwaye Van der Geer na wenzake, ya mwaka 2000, juzuu ya 163, ukurasa wa 51 hadi 59, kuhusu ufundi wa kuandika makala ya kisayansi. Makala hiyo haipo wala haikupata kuandikwa. Ulikuwa mfano tu. Hata hivyo, mwaka 2017 Anne-Wil Harzing alieleza kwamba imekwisha kunukuliwa karibu mara 400. Na sasa kuna mitambo ya akili mnemba ambayo, ikiombwa marejeo, huweza kuyatunga yenyewe, yakiwa na jina, mwaka na ukurasa. Wanaonaswa si wanafunzi peke yao. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi zisizokuwapo, zilizotungwa na mtambo wa namna hiyo.

Je, mwanafunzi afundishwe nini? Aghalabu tunamwambia atazame kama tovuti ina sura ya heshima, kama ina nembo, kama mwandishi ni daktari. Ushauri huo ni dhaifu. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika uchunguzi walioutoa mwaka 2017, waliwapa tovuti za kupima wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Miongoni mwa tovuti hizo mbili zilikuwa za vyama vya madaktari wa watoto wa Marekani: kimoja kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1930, kingine kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002, majina yao yakifanana. Wanafunzi wengi walikiamini kile kidogo. Hata wanahistoria, watu waliobobea katika nyaraka, baadhi yao waliyumba. Wahakiki hawakuyumba, kwa sababu hawakukaa kuukagua ukurasa wenyewe. Waliuacha mara moja wakaenda kuuliza kwingine wenye tovuti hii ni nani na wengine wanasemaje juu yao.

Jambo hili si geni kwetu. Mgeni akihamia kijijini, sifa zake hatumwulizi yeye peke yake. Na wanafunzi wa hadithi huko pwani wanaifahamu kanuni hii kwa jina la isnadi: neno halikubaliwi mpaka ijulikane nani kalipokea kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo huo achunguzwe uaminifu wake.

Lakini tumtendee haki mwanafunzi. Makala nyingi za majarida ya ng'ambo zimefungwa, na bei ya kuisoma moja yaweza kupita posho yake ya chakula ya siku kadhaa. Anaonyeshwa ikisiri tu, naye anainukuu kana kwamba ameyaona yaliyomo. Wengi hawajui kwamba mpango wa HINARI, ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na ule wa AGORA wa Shirika la Chakula na Kilimo, huvifungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida mengi bure au kwa malipo madogo. Wala kwamba African Journals Online imekuwa ikikusanya majarida ya bara letu tangu mwaka 1998. Mkutubi anajua, ila hapewi saa darasani.

Nasi wahadhiri tuache kudai marejeo yasiyopungua 40. Anayedaiwa idadi huleta idadi. Yafaa siku ya kutetea tasnifu mtahini achague marejeo matatu bila taarifa, amwambie mwanafunzi ayafungue na aeleze kwa maneno yake yanasema nini.

Kijana wangu alirudi baada ya majuma matatu. Orodha ilikuwa imepungua kutoka 46 hadi 19, na asilimia 18 imekuwa 13. Tasnifu aliyoinakili ingali mtandaoni kama ilivyokuwa.