Ruzuku ya Kaunti si Sadaka

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika mikutano yetu ya Awendo, Rongo, Migori na Homa Bay kuna swali moja ambalo huulizwa kila mara, nalo ni hili: zile fedha za kaunti za kusaidia vikundi vya wananchi hupatikana kwa njia gani? Wengi hunong'ona kwamba ni lazima umjue mtu. Mimi naona heri tuliseme jambo hili mchana, waziwazi.

Labda mwenzetu atauliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na vikundi? Ndugu yangu, mshahara wako ukichelewa, ni nani humkopesha mke wako pesa za unga na karo? Ni nyoluoro yake. Mwenzetu akifa, ni nani hutangulia kuchanga za jeneza? Ni kikundi. Akina mama wanaoanika omena ufukweni, vijana wa boda boda, walemavu wanaoshona viatu sokoni, wazee wanaolea mayatima, wote hawa ni watu wa nyumba zetu. Kikundi chao kikianguka, mzigo huja juu ya mshahara ule ule mmoja, ambao hata leo hautoshi.

Nitoe habari yangu mwenyewe. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu 22. Tuliandika barua kuomba msaada wa tangi la maji na cherehani mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa tungoje. Mara ya pili tuliambiwa fomu zimekwisha. Mara ya tatu karani alinivuta kando, akaniambia kwa upole, "Mzee, mngepitia kwa fulani." Hatukukataliwa kwa kanuni yoyote, wala hatukupewa jibu la maandishi. Nauli ya safari tatu ilitoka katika akiba ya kikundi.

Baadaye niliona kikundi kingine kikipewa hundi mbele ya umati, kwenye mkutano wa siasa. Sikuwaonea wivu, maana pengine walistahili kuliko sisi. Kilichoniuma ni ile shukrani. Watu wazima walikuwa wakipiga magoti kumshukuru mtu kwa kuwapa mali yao wenyewe.

Maana fedha hizi zatoka wapi? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 203, yasema kaunti zote pamoja zipate si chini ya 15 katika kila 100 ya mapato ya Serikali ya taifa. Tazama karatasi yako ya mshahara, uone kodi iliyokatwa. Hayo ndiyo mapato. Ukinunua sabuni, umelipa. Mama akilipa ushuru wa soko, naye ametia chake. Hata zamani za halmashauri ilikuwa vivyo hivyo: tangu mwaka 1999, sehemu ya 5 katika kila 100 ya kodi ya mapato ilirudishwa kwa halmashauri za miji na wilaya.

Wako wasemao kwamba vikundi ni vingi mno, haiwezekani kugawa kwa utaratibu. Hilo si kweli. Mpango wa kilimo ulioitwa NARIGP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016, ulifika katika kaunti 21, na Migori na Homa Bay zilikuwamo. Wakulima walijiunga katika vikundi, wakaandika mradi wao, mradi ukapimwa kwa kanuni, ndipo fedha zikatolewa. Sisemi mpango ule haukuwa na kasoro. Nasema kanuni ziliandikwa na watu wa vijijini walizifuata. Na fedha zenyewe zilikuwa mkopo wa nchi, ambao sisi na watoto wetu tunaulipa. Ikiwa fedha za mkopo zaweza kugawanywa kwa kanuni, kwa nini fedha za kodi zigawanywe kwa kujuana?

Sheria iko upande wetu, lakini sheria haina miguu, ni sisi tutakaoitembeza. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2012 yaamuru makadirio ya kaunti yafike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Anayekuja kuomba mwezi wa Julai amekuta sufuria imekwisha oshwa. Ikiwa kaunti imeanzisha mfuko maalumu, msimamizi wake hupaswa kupeleka hesabu kwa Mkaguzi Mkuu katika miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha. Tena Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuuliza kwa barua na kujibiwa katika siku 21. Na katika miji, sheria ya mwaka 2011 yataka vyama vya watu wa jua kali na vya ujirani viwe na wajumbe katika bodi ya mji. Je, mjumbe wetu ni nani? Kama hatumjui, kosa ni letu pia.

Kwa hivyo natoa shauri hili. Kila tawi lichague watu wawili, na waandike barua ya ukurasa mmoja kuuliza mambo matatu: kanuni za kutoa ruzuku ni zipi, mwaka uliopita vikundi gani vilipewa na kiasi gani, na hesabu zake ziko wapi. Jibu likija, libandikwe ukutani. Lisipokuja, barua yetu na tarehe yake vibandikwe ukutani.

Lakini tusiende na mikono michafu. Kikundi kisichoandikishwa, kisicho na mkutano, chenye wanachama wa karatasi tu, hakina haki ya kudai hesabu za mwingine. Tangu sheria ya mwaka 2022, kikundi cha jamii hutakiwa kiwe na watu wasiopungua kumi na kiandikishwe. Basi tuandikishe, na sisi waweka hazina tusome daftari mbele ya wanachama. Mimi nimeanza na langu, na maswali niliyoulizwa hayakuwa matamu.

Anayepewa sadaka hushukuru akanyamaza. Mwenye mali huuliza hesabu. Sisi ni wenye mali.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Awendo