Vijana wa Korogwe na Handeni, Jipimeni kwa Saa

Nasema na vijana wenye baiskeli wa Korogwe na Handeni, na wazazi wao, na madiwani wao pia. Jambo ninalolileta ni la gharama ndogo, na kwetu mambo ya gharama ndogo hukosa wa kuyasemea, maana hayana posho.

Nguvu za miguu tunazo. Nani asiyemjua kijana wa vijiji vya Handeni anayefunga magunia ya mkaa kwenye keria hadi baiskeli yenyewe haionekani? Nani hajaona madumu ya maji yamening'inizwa kulia na kushoto wakati wa kiangazi, mwenyewe akiyakokota kwa miguu kila penye kilima na kupanda tena njia ikinyooka? Upande wa Korogwe wapo wa machungwa, wa majani ya ng'ombe na wa kupeleka mahindi mashineni. Watu hawa wanafanya kila siku kazi ambayo mwanamichezo wa Ulaya angeiita mazoezi na kulipwa mshahara kwayo. Lakini muulize mmoja wao: kutoka Sindeni hadi Korogwe mjini unatumia muda gani? Atakujibu, "Muda mfupi tu." Mwenzake atadakia kwamba yeye ni mwepesi zaidi. Ubishi utawaka pale kwa fundi baiskeli na utazimika pancha ikishazibwa, mshindi hajapatikana. Jioni hao hao utawakuta kwenye banda la kubeti, wanajua dakika aliyofunga bao mchezaji wa Manchester, dakika zao wenyewe hawazijui.

Ninachowahimiza ni mbio za kushindana na saa. Waendeshaji hawaondoki kwa kundi. Kila mmoja huitwa peke yake, mwenziwe humshikia tandiko ili aanze miguu yote miwili ikiwa kwenye pedali, mshika saa huhesabu, na huyo anakwenda. Dakika moja baadaye anaitwa wa pili. Aliyeondoka saa moja na dakika saba na kufika saa moja na dakika arobaini na sita, katumia dakika 39. Hapo hakuna refa wa kulaumiwa wala goli la kuotea. Watu 30 wote wanakuwa barabarani katika muda usiotimia nusu saa, na wote wakirejea matokeo yanasomwa kutoka kwenye daftari.

Kunyonya upepo wa mwenzako hakuruhusiwi. Katika mbio za kundi, mjanja hujificha nyuma ya migongo ya wenziwe kilomita mia nzima, kisha akachomoka mwishoni na kuvishwa shada. Hapa aliyefikiwa anapitwa, na aliyepitwa anabaki nyuma kwa nafasi ya kutosha asifaidi kivuli cha upepo. Ndiyo maana naupenda mchezo huu kwa malezi ya vijana kuliko mbio za kundi, ingawa najua mbio za kundi ndizo zenye kelele na watazamaji.

Waingereza waliufikia utaratibu huu kwa kulazimika. Mwaka 1894, katika mbio za klabu ya North Road, farasi wa gari alishtuka na waendeshaji wakaanguka, na chama chao cha baiskeli kikayapiga vita mashindano ya barabarani kwa kuogopa polisi na wakubwa wa magari ya farasi. Bwana mmoja aitwaye F. T. Bidlake, ambaye mwenyewe alikuwamo katika mkasa ule, akaandaa tarehe 5 Oktoba 1895 mbio za maili 50 ambazo kila mtu aliondoka kwa zamu yake. Mpita njia aliyeona mtu mmoja akipita, na baada ya kitambo mwingine, hakujua kama hayo ni mashindano. Kwa miaka mingi walivaa nguo nyeusi kuanzia mabegani hadi vifundoni, walianza alfajiri, na njia ya mbio ilikuwa siri ya wanachama. Mbio za mlimani zina umri mkubwa zaidi: klabu ya Catford ilianza kupandisha watu kilima cha Westerham mwaka 1887, na hadi leo mbio hizo zipo. Hawa walikuwa makarani, mafundi na wauza duka, watu wa kazi kama ninyi, wakishindana Jumapili na kurudi kazini Jumatatu.

Sikusudii kuwapeleka Uingereza kutafuta mifano, maana ipo ya jirani. Mwaka 2008, Nicholas Leong, mpiga picha wa Singapore, aliwachukua Wakenya wawili kutoka Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka Ufaransa kwenye mlima wa Alpe d'Huez. Nderi alikuwa mng'arisha viatu, Mwangi alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Mlima ule una kilomita 13.8 na kona 21, na mashindano makubwa ya Ufaransa huupanda mara kwa mara, kwa hiyo dakika za mabingwa zinajulikana. Nderi aliupanda kwa dakika 42 na ushei, muda ambao mtaalamu anayelipwa asingeuonea haya. Hakushindana na mtu siku ile. Alikuwa yeye, mlima na saa, na saa ikamtolea ushahidi ambao hakuna maneno ya kijiweni yangeweza kuutoa.

Rwanda nako, Abraham Ruhumuriza, aliyetwaa Tour du Rwanda zaidi ya mara moja, aliwahi kubeba abiria kwa baiskeli. Na Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Siku ya kwanza ilikuwa ya saa. Wanaume walikwenda kilomita 40.6 za vilima, na Remco Evenepoel wa Ubelgiji akamfikia njiani na kumpita Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France, ambaye alikuwa ametangulia kuondoka. Watu wa Kigali walijipanga vilimani kama siku ya sikukuu. Kutoka Korogwe hadi Kigali ni safari ya basi, si ya ndege za Ulaya.

Turudi nyumbani. Mombo imo wilayani Korogwe. Anayetoka hapo kwenda Lushoto kwa njia ya Soni anapanda karibu mita 1,000 katika kilomita 33 hivi, lami mwanzo hadi mwisho, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Alpe d'Huez inapandisha kiasi kinachokaribiana na hicho kwa umbali usiofika nusu, kwa hiyo ni mkali zaidi. Lakini mlima wetu ni mrefu, na mlima mrefu ndio unaofundisha kujigawa. Kijana akitoka Mombo kwa pupa, kabla hajayasikia maporomoko ya Soni ameshashuka anakokota. Watalii huja na baiskeli zao za gharama kuupanda. Mlima huu ni wa kwetu, na bado hatuna ubao mahali popote unaosomeka: fulani wa Mombo aliupanda kwa dakika kadhaa, mwaka fulani.

Wa Handeni nao wasijione wametengwa. Barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni, inayopita Sindeni na Misima, haina msururu wa mabasi na malori ulioko kati ya Segera na Mombo. Inapanda na kushuka bila kuchosha. Kilomita nane kwenda na nane kurudi zinafanya 16, sawa na maili 10, umbali ambao vilabu vya Uingereza hujipimia hadi leo. Kwenda na kurudi kuna haki yake: upepo uliokusukuma ukienda utaulipa ukirudi.

Sasa kuna wanaosema baiskeli ni alama ya umaskini, na kijana mwenye akili anatafuta pikipiki. Pikipiki ina kazi yake, sina ugomvi nayo. Ila anayeona haya kupanda baiskeli aniambie kwa nini Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza kufundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, hakuona haya. Mwaka 2006 aliivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne, akawa wa 17 katika mbio za saa. Wa 17 hapewi medali. Miaka saba baadaye alishinda Tour de France, akairudia mara tatu zaidi.

Wengine watauliza zawadi iko wapi. Swali hili ndilo lililoua michezo mingi nchini. Mbio za Mwanza zilizodhaminiwa na kampuni ya simu, kilomita 196 za wanaume na 80 za wanawake, ziliwapa Wasukuma na watu wa Arusha jina kubwa, na nawapongeza. Lakini mchezo uliojengwa juu ya mdhamini mmoja humtegemea yeye kwa kila kitu, na siku akibadili mawazo vijana hurudi kijiweni. Klabu ya watu 15 wanaojipima kila mwezi haitegemei hisani ya mtu. Ikitokea zawadi, iwe tairi na tyubu, si fedha taslimu. Fedha huleta mabishano, na mabishano huleta wajanja.

La hatari ya barabara silipuuzi, na hapa nitasema kwa ukali. Mbio zianze mapambazuko, jua likishatoa mwanga wa kutosha na magari yakiwa bado machache. Polisi wa usalama barabarani wapewe taarifa kwa barua, si kwa simu ya mtu anayejuana na mtu. Panapogeuziwa asimame mtu mzima mwenye kizibao cha kung'aa na bendera, kwa sababu mwendeshaji aliyechoka hageuzi shingo kutazama nyuma. Kofia ngumu ni lazima. Asiye nayo aazime kwa aliyemaliza. Na mlimani kupanda ndiko kunakohesabiwa. Baiskeli yenye breki za vyuma, yenye ringi iliyolowa ukungu wa Usambara, haishuki kona za Soni kwa mwendo wa kujionyesha. Likodiwe fuso, baiskeli zipakiwe, watu washuke wamekaa. Klabu isiyoweza kukodi fuso isiende Soni. Ipandishe vilima vya barabara ya Handeni mpaka itakapoweza.

Haki ya vifaa nayo itazamwe. Foneksi ya kazi ina uzito wa kilo 20 hivi, na baiskeli ya mashindano inaruhusiwa kushuka hadi kilo 6.8. Mlimani tofauti hiyo ni sawa na kumbebesha mmoja dumu zima na mwingine kumwacha mikono mitupu. Kwa hiyo ziwepo hesabu mbili daftarini, baiskeli za kazi na baiskeli za gia, na asionekane wa Foneksi kuwa mshindi wa daraja la pili. Mimi, kwa hukumu yangu, ningemheshimu yeye zaidi. Tambarare hali ni nyingine, adui ni upepo. Ukitaka mwendo mara mbili, upepo hukudai nguvu mara nane. Kuinamisha mgongo na kukunja viwiko hakuuzwi dukani, na kunaokoa dakika kuliko kununua rimu mpya. Toeni keria, pakeni cheni mafuta, jazeni upepo tairi hadi ziwe ngumu. Hayo yanatosha kuanzia.

Wasichana wasiachwe kuwa washangiliaji. Wapo wanafunzi wa sekondari wanaotoka mbali kwa baiskeli kila siku ya shule, na mbio hizi zinawafaa zaidi kwa kuwa hakuna kusukumana wala kugongana viwiko. Hapa nasema na akina mama: binti anayetumwa kisimani kwa baiskeli hamkuona aibu, akishindana nayo aibu inatoka wapi?

Korogwe na Handeni zina halmashauri nne, mbili za mji na mbili za wilaya, na kila moja ina afisa wa michezo. Waheshimiwa hao wanne wakikutana mara moja kwa chai wanaweza kupanga kalenda ya mwaka mzima: Jumapili hii Korogwe, mwezi ujao Handeni, mwisho wa msimu Mombo. Vilabu visajiliwe kwa utaratibu wa michezo wa nchi na kujitambulisha kwa Chama cha Mchezo wa Baiskeli, ili kijana akitokea kuwa na dakika za kutisha zipelekwe mbele zikiwa na muhuri. Daftari litunzwe vizuri kuliko kikombe. Wasomaji wenye umri wangu nao waje. Mzee wa miaka 55 hatamshinda mjukuu, lakini anaweza kujishinda alivyokuwa mwezi uliopita, na jina lake litaandikwa kama la wengine.

Tuanze Julai, masika yamekwisha na mahindi yanaingia ghalani, tujipime mpaka Oktoba kabla vuli haijalowesha lami. Kijana asiye na baiskeli asibaki nyumbani. Anatakiwa mtu wa kushika matandiko, mtu wa kusimama na bendera pale pa kugeuzia, na mwingine mwenye mwandiko unaosomeka wa kukaa na daftari.