Mtani Hana Budi Kuujua Ukoo

Malalamiko juu ya vibanda vya video si mapya. Wazazi husema vinawatorosha watoto shuleni, watendaji husema picha za mapigano zinafundisha ujeuri, na kila mara dawa inayopendekezwa ni moja tu: kufuli. Katika Wilaya ya Mbinga, na katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kama ilivyo kwingineko nchini, kibanda hicho chenye mabenchi, runinga na spika ndicho jumba la sinema la mwananchi wa kawaida. Sisi hatukatai kwamba yako makosa yanayotendeka humo. Lakini kabla ya mtendaji kufunga mlango, ni haki kwanza ajue kinachoonyeshwa ndani. Na ni haki pia kwa yule anayelipa kiingilio ajue anachokicheka.

Tunazungumzia hasa zile picha za Kichina zinazochanganya mapigano na vichekesho, ambazo vijana wetu huziita kwa jumla picha za karate ingawa nyingi ni za kung-fu. Wengi huzichukulia kuwa ni mateke na vituko vya kupitishia jioni. Ukweli ni kwamba ndani ya vituko hivyo mna jambo la adabu: mcheshi anatoa heshima kwa wale waliomtangulia katika fani, na anaitoa kwa njia ya mzaha. Kwa watu wa Ruvuma, njia hiyo ina jina. Jina lake ni utani.

Kwa msomaji wa Visiwani ambaye utani wa makabila haumo katika mazoea yake, hapana budi tueleze kidogo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaweza kufika msibani akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna anayesema kwamba marehemu ametukanwa. Lakini mtani huyo ana sharti: lazima awe anamjua marehemu, na aujue uhusiano baina ya koo hizo mbili. Mpita njia asiyejua lolote akivifanya vituko vile vile, huo ni ufedhuli, naye atatimuliwa.

Sasa na tuzitazame picha zenyewe. Bruce Lee alifariki dunia mjini Hong Kong tarehe 20 Julai, 1973, akiwa na umri wa miaka 32. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, vijana wa Dar es Salaam walifurika kumtazama kijana mwembamba asiye na bunduki akiwashinda wenye nguvu. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972 walimwona akikivunja kwa teke kibao kilichowadhalilisha Wachina katika nchi yao wenyewe. Taifa lililokuwa likiunga mkono ukombozi wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, lilimwelewa bila ya mkalimani.

Alipokufa, matajiri wa sinema walitaka waendelee kuvuna shamba la marehemu. Walitafuta watu waliofanana naye, wakawapa majina kama Bruce Li na Bruce Le. Mwaka 1976 kijana aitwaye Jackie Chan, aliyewahi kuwa mruka sarakasi katika picha za marehemu, aliwekwa katika New Fist of Fury ili awe Bruce Lee mpya. Haikufua dafu. Mtu hawezi kumheshimu mzee kwa kuvaa kanzu yake na kudai kuwa ndiye yeye.

Chan alifanikiwa pale alipoanza utani. Mwaka 1978 ilitoka Drunken Master, iliyoongozwa na Yuen Woo-ping. Humo Chan alimwigiza Wong Fei-hung, bingwa wa kweli wa historia ya China. Tangu mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alikuwa amemwonyesha bingwa huyo, katika makumi ya picha, kuwa ni mwalimu mtulivu mwenye hekima. Chan akamfanya kijana mtundu, mvivu wa mazoezi, anayefunzwa kupigana na mzee mlevi. Ulevi wenyewe hatuusifu. Tunachosema ni kwamba watazamaji wa Hong Kong walicheka kwa sababu walimjua yule mzee mwenye hekima. Bila ya Kwan Tak-hing, nusu ya kicheko isingekuwapo.

Mwaka huo huo Sammo Hung, mtu mnene mwenye wepesi wa paka, alitoa Enter the Fat Dragon. Aliigiza mfuga nguruwe anayemhusudu Bruce Lee, anayefika mjini na kumkuta mwigizaji mmoja akijifanya Bruce Lee kwa ajili ya fedha, akamtia adabu. Hapo mcheshi amepambanua waziwazi baina ya anayemwiga marehemu kwa mapenzi na anayemchuuza.

Heshima hiyo ilivuka hata bahari. Katika Project A ya mwaka 1983, Chan ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, kisha anaanguka na kupasua vivuli vya turubai hadi chini. Miaka 60 kabla yake, wakati sinema haijapata sauti, Mmarekani Harold Lloyd alining'inia kwenye saa ya jengo katika Safety Last! ya mwaka 1923. Katika picha ya pili ya Project A, ya mwaka 1987, ukuta mzima unamwangukia Chan naye anasalimika kwa kuwa amesimama panapoangukia uwazi. Buster Keaton aliufanya mchezo huo mwaka 1928 katika Steamboat Bill, Jr. Na Stephen Chow, katika Kung Fu Hustle ya mwaka 2004, aliwarudisha ulingoni wakongwe wa picha za kung-fu, miongoni mwao Yuen Wah, aliyewahi kuruka sarakasi badala ya Bruce Lee.

Tuliosoma vyuoni tunajua kwamba elimu ina silsila: fulani alisoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani. Chan, Hung na Yuen Wah wote walilelewa na mwalimu mmoja, Yu Jim-yuen, katika shule ya michezo ya jukwaani ya Kichina mjini Hong Kong. Kwa hiyo mateke yanayowachekesha watu Liuli na Lituhi yametoka kwenye jukwaa la kale, yakapita mikononi mwa mwalimu, yakafika kwenye kioo. Mchekeshaji anayejua silsila yake hachezi peke yake.

Wala jambo hili si geni katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Ngoma ya mganda, inayochezwa na wanaume waliojipanga safu kama askari, yenye vyeo na sauti za malipenga ya vibuyu, ilikua kutokana na gwaride na bendi za kijeshi za ukoloni. Wazee waliwatazama askari wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza, wakaitwaa nidhamu yao, wakaitia madaha na mzaha, na kilichokuwa cha mtawala kikawa cha kijiji. Kijana wa Mbamba Bay anayemtazama Jackie Chan akimwiga Lloyd, anatazama kazi ambayo babu yake aliifanya uwanjani.

Tatizo ni kwamba kijana huyo haambiwi. Picha inayofika kibandani mara nyingi imenakiliwa kutoka kwenye diski iliyosheheni picha nyingi, na majina ya mwanzo yamekatwa. Juu yake imewekwa sauti ya mtafsiri. Hatuna nia ya kuwabeza watafsiri. Ufundi wao ulishamiri Uganda, ukaenea kwetu, na sauti ya Lufufu wa Dar es Salaam ilizoeleka masikioni mwa watazamaji kuliko za waigizaji wenyewe. Wao ndio waliomwezesha mvuvi asiyejua Kichina wala Kiingereza kuifuata hadithi, na mzaha wao juu ya picha ni utani wa namna yake. Lakini mtafsiri asiyetaja jina la picha, la mwongozaji wala la mwaka, anamwachia mtazamaji watu wawili tu: steringi na adui. Hapo silsila imekatika, na msibani pamebaki vituko bila ya marehemu.

Kwamba inawezekana kufanya vyema zaidi, mfano uko kwa jirani. Katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 picha iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno. Humo yumo mcheza kung-fu aliyejiita Bruce U, jina linalomkumbuka Bruce Lee waziwazi, na juu ya picha yenyewe mtafsiri VJ Emmie anatia maneno ya kuchekesha. Picha hiyo imetazamwa duniani kote. Watu wale wa mtaa maskini walikijua kibanda cha video kuwa ni mzazi wao, wakakitania bila ya kukionea haya.

Je, kijana wa Mbinga akishika simu yake leo apige picha ya mapigano na vichekesho, atamtania nani? Akiwajua Wachina peke yao, atakuwa mtani wa msiba wa mbali. Nchi hii ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ikatoa picha kama Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970. Baadaye Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, aliwachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa. Kazi nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilitoka katika kanda za video, na kanda ni kitu kinachooza. Wakati nayo haingoji.

Kwa hiyo tunayo ya kuwashauri watendaji. Kwanza, sheria ipo: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, iliweka msingi wa ukaguzi wa picha. Itumike kuwalinda watoto kwa saa za maonyesho na kwa umri, badala ya kuwa kisingizio cha kukifunga kibanda kilicho halali. Pili, Maofisa Utamaduni wa Mbinga na Nyasa wakae na wenye vibanda na watafsiri, wakubaliane kwamba kabla ya kila picha litatajwa jina lake, mwaka wake na waliocheza. Jambo hilo halina gharama. Tatu, haki ya mwenye kazi, inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki Namba 7 ya mwaka 1999, isikike kibandani pia; haiwezekani kumheshimu msanii kwa kicheko huku unamnyima haki yake. Nne, wazee wa mganda na watani mashuhuri warekodiwe wangali hai, na kanda za wachekeshaji wetu zikusanywe na kunakiliwa.

Wasomaji wa Visiwani nao wana mchango wao. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara ilingoja televisheni hadi mwaka 1994, na wazee wa huko wanazikumbuka Majestic, Empire na Cine Afrique. Wanajua nani alishangiliwa, nani alizomewa, na picha ipi ilirudiwa. Kumbukumbu hizo zikiandikwa, zitamfaa kijana wa Lituhi sawasawa na kijana wa Wete, kwa kuwa sinema yetu ni ukoo mmoja.

Kufunga kibanda ni kazi ya asubuhi moja. Kumfundisha kijana anayecheka kwamba anacheka pamoja na waliomtangulia, na kuwataja kwa majina, ni kazi ya serikali, ya wazazi na ya wasanii kwa pamoja. Kazi hiyo inaweza kuanza jioni hii, kabla taa ya kibandani haijazimwa, kwa kulisoma jina la picha kwa sauti.