Mjamzito wa Tunduma: Mazoezi yasichanganywe na kazi nzito

KATIKA mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mjamzito husikia mawaidha mawili yanayopingana. Wapo ndugu na majirani wanaomtaka ale na kulala tu, asije akaidhuru mimba. Wapo pia wanaomkumbusha kwamba ujauzito si ugonjwa, hivyo aendelee na shughuli zake zote kama kawaida.

Kila upande una sehemu ya ukweli. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zinachanganya mambo mawili yaliyo tofauti, yaani mazoezi na kazi nzito.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mjamzito asiye na tatizo la kiafya linalomzuia afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo ni sawa na kutembea kwa mwendo wa haraka kiasi dakika 30 kwa siku tano. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mazoezi hupunguza hatari ya shinikizo la damu na kisukari cha ujauzito, wala hayaongezi hatari ya mtoto kufia tumboni.

Kwa hiyo, hofu ya upande wa kwanza haina msingi kwa mjamzito mwenye afya njema. Anayekaa dukani kutwa, kisha akapanda bodaboda hata kwa safari fupi, ndiye anayehitaji zaidi kutembea.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili nayo ina hatari. Mama anayejitwisha furushi la bidhaa kuelekea mpakani, au anayeinama shambani tangu alfajiri huko Mbozi na Momba, hafanyi mazoezi yanayokusudiwa na wataalamu. Mazoezi hupimwa, na husitishwa mwili unapochoka. Kunyanyua mizigo mizito na kusimama muda mrefu kunahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Lakini mchuuzi na mkulima waliojiajiri hawana mwajiri wa kubanwa na sheria hiyo. Kinga yao ya karibu ni familia. Mume anayemkataza mkewe kutembea jioni, kisha akamwachia ndoo za maji na mzigo wa kuni, anakataza lenye faida na kuruhusu lenye madhara.

Kutokwa damu, kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuvuja maji ni dalili za kusitisha mazoezi na kwenda kituo cha afya mara moja.

Ndiyo maana ushauri wa kliniki hauna budi kuanza kwa kumuuliza mjamzito anashindaje siku nzima. Kutokana na jibu lake, mmoja atashauriwa aanze kutembea, na mwingine apunguziwe mzigo.