Dhamana Isiyovuka Bahari



Mwezi huu tumeombwa na zaidi ya jamaa mmoja tuandike juu ya jambo ambalo huenda mtu akadhani halistahili ukurasa mzima, nalo ni zile skrini za kuongozea njia zinazotiwa katika dashibodi za magari. Anayeijua Shahe kwa nguo tu atashangaa. Lakini sisi tunaokaa hapa twajua ya kwamba si mbali na kwetu upo Mtaa wa Yongfu, ambao kwa miaka mingi umejulikana China nzima kwa vifaa vya magari, na wengi wa vijana wetu, wakisha kufunga marobota yao ya nguo, hupitia huko kutafuta cha kujazia nafasi iliyobaki katika mzigo. Robota la nguo likiwa na kasoro huuzwa kwa bei ya chini, na mambo yakaisha. Skrini yenye kasoro haina bei ya chini. Hurudi dukani, tena hurudi na maneno.

Kisa kilichotufanya tushike kalamu ni cha ndugu wawili, ambao majina yao tutayaacha. Mdogo yuko hapa Guangzhou; mkubwa ana duka Kariakoo, Dar es Salaam. Mdogo alinunua skrini arubaini, akapewa karatasi yenye muhuri mwekundu isemayo kwamba dhamana ni ya mwaka mmoja. Ulipofika mwezi wa saba, skrini kumi na nne zilikuwa zimekwisha kurejeshwa na wateja. Nyingine huzima gari likikaa juani, nyingine haziioni setilaiti hata moja, na mbili hujizima na kujiwasha kila gurudumu linapoingia shimoni. Mkubwa aliwarudishia wateja fedha zao, na fedha hizo zilikuwa kodi ya duka. Mwuzaji wa huku hakuikana dhamana yake. Alijibu kwa adabu kabisa: zileteni, tutazitengeneza bure. Nauli ya kuzileta kwa ndege ilikuwa kubwa kuliko faida yote ya mzigo ule, na kwa meli hakuna aliyejua zingelifika lini. Leo ndugu hawa hawazungumzi. Mama yao, aliyeko Tanga, ndiye anayepiga simu mara mbili, moja kwa kila mmoja, na kila mmoja humwuliza hali ya mwenziwe.

Kwanza tueleze kwa nini bidhaa hii inatakiwa sana kwetu, maana wapo wanaodhani ni anasa. Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa ni yaliyokwisha kutumika Japani. Redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani: maandishi ni ya kwao, ramani ni ya Tokyo na Osaka, na masafa ya FM ni ya megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa zile za karibuni, ilhali stesheni zetu hutangaza kati ya 88 na 108. Tena nyingi hujifunga betri inapochomolewa, zikadai kadi ya ramani au namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza hakuiandika popote. Basi mtu hununua gari zuri lenye skrini nzuri isiyomfaa kitu, na fundi humshauri aing'oe atie ya Kichina. Haja ipo, na biashara hii ni ya halali.

Sasa tuitazame ile karatasi yenye muhuri. Mwaka wake huanza kuhesabiwa siku bidhaa inapotoka dukani, si siku mteja anapoiwasha. Mzigo hukaa ghalani kwa wakala ukingoja kontena lijae, kisha huwa baharini kiasi cha mwezi, kisha bandarini, kisha juu ya rafu ya duka. Mteja wa Kariakoo anapofungua boksi, miezi mitatu au minne imekwisha kuliwa. Mahali pa dhamana napo ni kaunta ileile ya Yongfu. Karatasi haisemi uongo. Inasema kweli yenye kumfaa mtu anayeweza kurudi dukani kwa miguu.

Halafu dhamana hukihusu kifaa, haiihusu ramani wala programu iliyomo, na hapa hata makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yamewahi kuwaacha wateja wao njiani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 kampuni ya TomTom ya Uholanzi iliwaarifu wenye baadhi ya vifaa vyake vya zamani kwamba hawatapata ramani mpya tena, ingawa wengine wao walikuwa wameuziwa vifaa hivyo kwa ahadi ya ramani za maisha. Ikabainika kwamba maisha yaliyokusudiwa ni ya kifaa, si ya mtu. (Miaka yote tuliyofundisha sarufi hatukupata mfano bora zaidi wa hatari ya kuacha jina bila mwenyewe.) Hali kadhalika, mfumo wa GPS huhesabu majuma kwa tarakimu zinazofika 1024 tu, kisha huanza upya; ulianza upya mwezi Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na vifaa ambavyo watengenezaji hawakuvipa marekebisho vikaonyesha tarehe za miaka ya nyuma. Januari 2022 wenye magari kadhaa ya Honda waliamka wakakuta saa ya skrini inasoma mwaka 2002, wakakaa na kasoro hiyo hadi Agosti. Kifaa kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni hesabu iliyomo ndani yake. Yeyote anayeuza vitu hivi Kariakoo au Nairobi yampasa amweleze mteja mapema kwamba dhamana ya skrini si dhamana ya njia.

Wengi hutuuliza: je, sheria ya China haitulindi? Inatulinda, lakini si sote. Sheria ya Kulinda Haki za Walaji ya mwaka 1993, iliyorekebishwa na kuanza kutumika upya tarehe 15 Machi 2014, ni nzuri. Pasipo kanuni nyingine ya serikali wala mapatano, kitu chenye kasoro chaweza kurudishwa ndani ya siku saba. Na kwa vyombo vya kudumu kama vile magari, kompyuta na televisheni, kasoro ikitokea katika miezi sita ya mwanzo ni juu ya mwuzaji kuthibitisha kwamba si yake. Malalamiko hupelekwa kwa simu namba 12315. Lakini sheria hiyo humhusu anayenunua kwa matumizi ya maisha yake. Baba anayenunua skrini moja ya gari lake la hapa Guangzhou yumo. Kijana anayenunua arubaini za kwenda kuuza hayumo. Huyo wa pili husimama juu ya mkataba wake, kwa mujibu wa Sheria ya Madai iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021: kama mmeandikiana muda wa kukagua, muda huo ndio sheria, kama hamkuandikiana, mnunuzi hutakiwa kuarifu kasoro ndani ya muda wa wastani, usiozidi miaka miwili tangu kupokea, ila ikiwa kuna muda wa dhamana, huo ndio hufuatwa. Kwa maneno mengine, ile karatasi ya mwaka mmoja, iliyoandikwa na upande mmoja, ndiyo iliyomfunga yule ndugu mdogo. Na tuongeze hili: tangu Mei 2020 mahakama za China zimeyataja waziwazi mazungumzo ya simu ya maandishi kuwa ni ushahidi. Yanayosemwa kwa WeChat msiyafute, na simu ya zamani msimpe mtoto aichezee kabla hamjayahifadhi.

Juu ya kukagua tungependa kukawia kidogo, kwa kuwa ndiko mali inakookolewa. Duka lililo ndani ya jengo, lenye zege juu na mabati pembeni, halifai kupimia setilaiti. Ombeni kifaa kitolewe nje pamoja na antena yake na betri ya volti 12, kiwekwe mahali pa wazi, mngoje dakika kadhaa. Kifaa huhitaji setilaiti nne ili kijue kilipo. Msitazame picha ya ramani. Tazameni tarakimu za nyuzi. Guangzhou iko kiasi cha nyuzi 23 kaskazini na 113 mashariki. Tarakimu hizo zikitokea na kutulia, kipokezi ni kizima. Twasema hivi kwa sababu ramani za China, kwa amri ya serikali, husogezwa makusudi, kiasi kwamba kifaa kizima chenye ramani ya kigeni huweza kukuonyesha umesimama juu ya paa la jirani, mamia ya mita kutoka ulipo. Tumewaona watu wakimgombeza mwuzaji kwa kosa hilo asilolitenda, na hiyo ni dhuluma. Upande wa pili, kifaa kinachoongoza vizuri hapa kwa ramani ya Kichina hakijathibitisha lolote kuhusu Magomeni au Mwembe Tanga, na ramani za Google hazifunguki hapa kwa njia ya kawaida. Tieni kabla ya kusafirisha ramani isiyohitaji mtandao, ya nchi inakokwenda bidhaa, mwone kama inafunguka. Tena kiacheni kimewaka saa mbili tatu kisha mkiguse mgongo. Kinachounguza vidole Guangzhou mwezi wa Januari hakitaiweza Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Tunarudi kwa wale ndugu, maana hapo pana fundo ambalo si la umeme. Mkubwa alipowarudishia wateja fedha zao alifanya lililo haki. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tumelelewa nayo, mnunuzi ana khiyari ya aibu: akikuta kasoro yenye kupunguza thamani, iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa, ana haki ya kurudisha, mradi asichelewe kusema. Tangazo lile la ukutani lisemalo kwamba kilichouzwa hakirudishwi halimwokoi mwuzaji. Wanavyuoni wa Kishafi waliokubali mtu ajitoe katika aibu waliikusudia kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe haijui, na skrini si ng'ombe. Undani wake tuwaachie masheikh.

Lakini hasara ile, ikisha kumtoka mteja, ilikuwa ya nani kati ya wawili hawa? Hilo ndilo wasilopata kuliamua, kwa sababu tangu mwanzo hawakusemezana mdogo ni nani katika biashara hii. Ikiwa alikuwa wakili wa nduguye, ametumwa kununua kwa fedha za nduguye, basi mkono wake ni mkono wa amana, wala halipi ila akizembea. Ikiwa walikuwa washirika, hasara yagawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Na ikiwa mdogo alinunua kwa fedha zake kisha akamwuzia mkubwa kwa faida, basi yeye ndiye mwuzaji, na kaka ana khiyari juu yake kama mteja yeyote. Mkubwa anaamini walikuwa katika hali ya tatu. Mdogo anaapa walikuwa katika ya kwanza, na kwamba ile faida ilikuwa ni ujira. Tumewasikiliza wote kwa simu, na kila mmoja ana hoja. Ushauri wetu, ambao hawajaukubali bado wala hawajaukataa, ni kwamba watafute mtu wa tatu mjini Tanga anayeaminiwa na mama yao, wamwekee hesabu mezani.

Kuhusu skrini zenyewe, mambo si mabaya kama yalivyoonekana. Mdogo alirudi Yongfu, safari hii hakudai matengenezo. Alidai vipuri: antena mpya kwa zile zisizoona setilaiti, na bodi za ndani kwa zile zinazozimika juani, vipelekwe pamoja na mzigo wake unaofuata ili fundi wa Kariakoo avibadilishe. Mwuzaji akakubali antena zote na nusu ya bodi. Wauzaji wengi wa huku hukubali jambo la namna hii likisemwa kabla ya malipo, hata kuongeza kifaa kimoja au viwili vya akiba kwa kila arubaini. Baada ya malipo hukubali kwa shida.

Kwa hiyo tumetunga masharti mafupi kwa Kichina, na kijana wetu mmoja asomaye hapa chuoni ametusahihishia: dhamana ihesabiwe tangu siku mzigo ufikapo bandarini kwetu, kasoro ithibitishwe kwa picha ya video, bila kurudisha kifaa, vipuri vitumwe kwa wakala wa mnunuzi hapahapa Guangzhou, na sehemu ya mwisho ya fedha ilipwe baada ya vifaa kupimwa nje, si kabla. Mwuzaji apige muhuri juu ya karatasi hiyo, nanyi mwombe na stakabadhi rasmi yenye jina la kampuni yake, kwani jina lililo kwenye kibao cha duka mara nyingi silo lililosajiliwa. Nakala tutakuwa nazo baada ya sala ya Ijumaa, karibu na lango la Msikiti wa Xianxian. Hazilipiwi, ila anayeweza achangie karatasi ya kurudufia.

Wabillahi tawfiq.